Farasi wa Masinissa

Mwaka 206 KK merikebu mbili za Kirumi ziliingia bandari ya Siga, katika pwani ya Algeria ya leo, zikakuta merikebu saba za Karthago zinatia nanga mle mle. Katika zile mbili alikuwamo Publius Cornelius Scipio, jemadari kijana wa Roma aliyekuwa ametoka kuwang'oa Wakarthago kutoka Hispania. Katika zile saba alikuwamo Hasdrubal mwana wa Gisco, jemadari yule yule aliyeng'olewa. Kwa mazoea ya vita, hapo damu ingemwagika. Lakini maji yale yalikuwa ya mtu mwingine, Syphax, mfalme wa Wamasaesyli, na hakuna aliyethubutu kuchomoa upanga mlangoni kwake. Syphax alifurahi isivyo kifani. Madola mawili makubwa kuliko yote ya magharibi mwa Bahari ya Kati yamekuja kumbembeleza kwa siku moja! Akawaalika wote wawili chakula cha jioni, na kwa desturi ya karamu za zama zile wakaegemea kochi moja, wakala na kuzungumza. Mwanahistoria wa Kirumi Livy anasimulia kwamba Hasdrubal aliondoka pale na hofu kubwa kuliko aliyotoka nayo vitani. Aligundua kwamba Scipio ni hatari zaidi akiwa mezani.

Wote wawili walikuwa wamefuata kitu kimoja, nacho ni wapanda farasi.

Vita vya pili vya Roma na Karthago, vilivyodumu kutoka 218 hadi 201 KK, husimuliwa kama pambano la Hannibal na Scipio, na msimuliaji akitaka kuvinogesha huongeza tembo wanaovuka theluji ya milima ya Alpi. Tembo hao wamesifiwa kupita kazi waliyoifanya. Hannibal alikuwa nao 37 alipofika mto Rhône. Kufikia majira ya kuchipua ya 217 KK alikuwa amebakiwa na mmoja tu, ambaye alimpanda mwenyewe kuvukia mabwawa ya mto Arno huku jicho lake moja likipofuka kwa maradhi. Vita vile viliamuliwa na farasi wadogo wasiovutia macho, waliopandwa na watu ambao hawakuwa Warumi wala Wakarthago. Walikuwa Wanumidia, na alipohama mkuu wao mmoja kutoka upande huu kwenda ule, ushindi ulihama naye.

Nchi yao ilienea kaskazini mwa Algeria ya leo na sehemu ya magharibi ya Tunisia, nyanda na milima nyuma ya pwani iliyotawaliwa na Karthago. Walikuwa wa jamii ya watu ambao leo huitwa Waamazigh. Magharibi walikuwapo Wamasaesyli wa Syphax. Mashariki, wakipakana na Karthago, Wamassyli wa mfalme Gaia. Waandishi wa Ugiriki na Roma walistaajabia jinsi walivyopanda: hakuna tandiko, hakuna lijamu, pengine kamba tu shingoni mwa farasi na fimbo mkononi. Silaha yao ilikuwa mikuki myepesi ya kurusha na ngao ndogo ya ngozi. Hawakuwa watu wa kugongana kifua kwa kifua na adui. Walimjia, wakarusha, wakageuka, na yeye akidhani wamekimbia wakamrudia kutoka pembe nyingine. Jeshi la Roma, lililojivunia askari wa miguu waliopangwa kama ukuta, halikuwa na dawa ya watu wa namna hiyo.

Karthago, mji ulioasisiwa na wafanyabiashara wa Kifoinike kutoka Tiro, haukupenda kuwapeleka raia wake vitani; ulikodi watu. Katika vita vya kwanza, 264 hadi 241 KK, ulipoteza kisiwa cha Sicily, halafu ukashindwa kuwalipa mamluki wake, nao wakaasi. Roma ikautumia mwanya huo kunyakua Sardinia. Familia ya Barca haikusahau dhuluma ile. Hamilcar Barca alihamia Hispania kutafuta fedha ya migodini na askari wapya, na mwanawe Hannibal alipokabidhiwa jeshi mwaka 221 KK akiwa na miaka 26, kila kitu kilikuwa tayari. Aliuteka mji wa Saguntum, rafiki wa Roma, na mwaka uliofuata akapanda Alpi. Alishuka Italia na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000.

Ushindi wake mkubwa wa kwanza, kando ya mto Trebia mnamo Desemba 218 KK, ulianza kwa kazi ya Wanumidia. Alfajiri ya siku ya baridi kali aliwatuma wavuke mto na kuichokoza kambi ya Roma. Konsuli Sempronius, mtu wa pupa aliyetaka sifa kabla muda wake haujaisha, aliwatoa askari wake wote kabla hawajapata kifungua kinywa. Wanumidia wakarudi nyuma kidogo kidogo kama walioshindwa, na Warumi wakawafuata hadi ng'ambo ya mto wenye maji ya kufika kifuani. Walipotoka majini wakitetemeka, waliwakuta watu wa Hannibal wameshiba, wameota moto na kujipaka mafuta. Nyuma yao, Mago, ndugu wa Hannibal, alikuwa amejificha na watu 2,000 kwenye kijito chenye vichaka. Warumi kama 10,000 walipasua njia na kutoka wakiwa pamoja. Wengi wa waliosalia waliuawa mtoni.

Mwaka 217 KK ikawa zamu ya ziwa Trasimene, ambako jeshi zima liliviziwa katika ukungu na konsuli Flaminius akauawa. Kisha ikaja Cannae.

Tarehe 2 Agosti 216 KK, kusini mashariki mwa Italia kando ya mto Aufidus, Roma ilileta jeshi kubwa kuliko lolote ililowahi kulikusanya: askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi kama 6,000. Hannibal alikuwa na wa miguu 40,000 hivi, lakini wapanda farasi 10,000. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa. Watu hukumbuka zaidi jinsi alivyoupanga mstari wake wa kati, Wagali na Wahispania wametokeza mbele kama mwezi mchanga, ili Warumi wausukume ndani na kujikuta wamezungukwa na Waafrika wa pande mbili. Ulikuwa ujanja wa ajabu. Ila mfuko uliokosa mfuniko haufungi kitu, na mfuniko wenyewe ulikuwa farasi.

Ubavu wa kushoto, karibu na mto, wapanda farasi wazito wa Kihispania na Kigali waliwavunja wapanda farasi wa Roma kwa muda mfupi. Ubavu wa kulia Wanumidia walikabiliana na wapanda farasi wa miji iliyofungamana na Roma. Polybius, mwandishi wa Kigiriki, anasema wala hawakuwadhuru sana wala hawakudhurika sana. Waliwazungusha tu na kuwashughulisha wasiweze kwenda kusaidia popote. Kiongozi wa upande wa kushoto, Hasdrubal mwingine (Karthago haikuwa na uhaba wa akina Hasdrubal, na msomaji asitaabike kuwatenganisha wote), akazunguka nyuma ya jeshi zima la Roma akatokeza upande wa Wanumidia. Wale washirika walipomwona wakatimua mbio. Hapo akafanya jambo la busara kuliko yote ya siku ile: kazi ya kuwafukuza aliwaachia Wanumidia, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumkimbia Mnumidia, naye akawageukia askari wa miguu wa Roma na kuwapiga mgongoni. Mfuko ukafungwa. Polybius anataja maiti 70,000. Livy anataja kama 48,000. Konsuli Aemilius Paullus alikufa, na pamoja naye watu wapatao themanini wa ngazi ya seneti. Mago alipopeleka habari nyumbani alimwaga pete za dhahabu za mabwana wa Kirumi mbele ya baraza la Karthago.

Dola nyingine yoyote ya wakati ule ingeomba amani. Roma ilikataa hata kuwakomboa wafungwa wake. Ikaandikisha vijana na watumwa, ikaacha kumkabili Hannibal uwanjani, ikaanza kumlaza njaa na kuwaadhibu washirika wake mmoja mmoja. Alikaa Italia miaka mingine 13 bila kushindwa vita kubwa na bila kupata faida ya kudumu.

Vita vilikuwa vimehamia Hispania, na huko ndiko anakoingia Masinissa, mwana wa mfalme Gaia. Alizaliwa kama 238 KK. Livy anamweleza kama kijana wa akili pevu kuliko umri wake, naye alikuwa upande wa Karthago kama baba yake. Mwaka 211 KK wapanda farasi wake waliizonga kambi ya jemadari mmoja wa Kirumi usiku na mchana, wakawanyima watu wake kuni, malisho na usingizi, hadi jemadari yule alipotoka kwa kukata tamaa na kuuawa. Jina lake lilikuwa Publius Cornelius Scipio. Alikuwa baba wa Scipio tuliyemkuta mezani kwa Syphax.

Mtoto alipewa nafasi ya baba mwaka uliofuata, naye akiwa na miaka 25 tu. Aliuteka mji mkuu wa Karthago huko Hispania mwaka 209 KK, na mwaka 208 KK akashinda vita vya Baecula. Miongoni mwa mateka alikuwapo mvulana aliyeitwa Massiva, mtoto wa dada yake Masinissa, aliyetoroka kwenda vitani kinyume cha amri ya mjomba wake. Wengine walikuwa tayari kumuuza utumwani. Scipio alimpa pete ya dhahabu, mavazi na farasi, akampa na walinzi wa kumsindikiza kwao. Huenda ni ukarimu. Mimi nauona zaidi kuwa ununuzi wa bei nafuu kuliko wote katika vita vile. Miaka miwili baadaye, Karthago ilipokuwa imeshindwa Hispania yote, Masinissa alijisingizia kwenda kuteka nyara bara, akakutana kwa siri na Scipio karibu na Gades. Alianza kwa kumshukuru kwa ajili ya Massiva. Kisha akamwambia kwamba Scipio akivusha jeshi hadi Afrika, Karthago haitadumu.

Ahadi ile ilitaka mtu mwenye ufalme, na Masinissa alirudi nyumbani akakuta hana. Baba yake amefariki, ndugu wanagombania kiti, na Karthago inamsukuma Syphax aimeze nchi yote. Syphax naye, licha ya maneno matamu aliyompa Scipio katika ile karamu, alikuwa ameshageuka. Hasdrubal mwana wa Gisco alikuwa na binti aitwaye Sophonisba, mwenye uzuri, elimu na akili, na alimwoza Syphax ili amfunge. Mzee yule alimpenda kwa moyo wote. Akamwandikia Scipio kwamba asije Afrika, na akija atamkuta yeye upande wa pili.

Masinissa alipigwa. Akakimbilia milimani na familia chache na mifugo, akaishi kwa kuvamia mashamba ya Wakarthago hadi akatumiwa kikosi maalumu cha kumsaka. Kamanda wa Syphax aitwaye Bucar alimfukuza mpaka akabaki na wapanda farasi wanne, yeye mwenyewe akiwa na jeraha. Walipofika kwenye mto mpana walitumbukia humo, na wawili wakachukuliwa na maji. Bucar aliona hivyo, akarudi na taarifa kwamba Masinissa amekufa. Karthago ilisherehekea. Wakati huo yeye alikuwa pangoni, akitibu jeraha kwa mitishamba na kulishwa kwa wizi wa wale wenzake wawili. Alipoweza tena kukaa juu ya farasi alitoka kwenda kuudai ufalme, na Wamassyli waliodhani wanamlilia marehemu wakamiminika kwake kwa maelfu. Syphax akampiga tena. Kwa hiyo Scipio aliposhuka pwani karibu na Utica mwaka 204 KK akitokea Sicily, mshirika wake mkuu wa Afrika alimjia na wapanda farasi wachache mno. Livy amekuta hesabu mbili, 200 na 2,000.

Majira ya baridi yale Scipio alijifanya anataka suluhu. Wajumbe wake walikwenda na kurudi kwenye kambi za Syphax na Hasdrubal, na kila safari miongoni mwa watumwa wao walikuwamo maofisa waliovaa matambara, wakihesabu milango na kutazama vibanda. Kambi ya Wanumidia ilijengwa kwa matete. Usiku mmoja wa 203 KK Laelius, rafiki wa Scipio, pamoja na Masinissa waliitia moto. Watu walitoka kuuzima wakidhani ni ajali, bila silaha, wakakatwa milangoni. Wakarthago wa kambi ya pili walikimbilia kutoa msaada, na yao ikachomwa vilevile. Polybius, ambaye alikuwa mtu wa nyumba ya akina Scipio, anaihesabu kazi hiyo kuwa tukufu kuliko zote alizowahi kuzifanya Scipio. Ni vigumu kukubaliana naye. Warumi walizoea kuwaita Wakarthago watu wasio na ahadi; usiku ule ahadi ilivunjwa na nani?

Baada ya pigo jingine kwenye Nyanda Kuu, Laelius na Masinissa walimfuatia Syphax hadi kwao. Farasi wake alijeruhiwa, akamwangusha, naye akakamatwa. Masinissa alimpeleka akiwa na minyororo mbele ya kuta za Cirta, mji uitwao leo Constantine, na wenyeji walipomwona mfalme wao katika hali ile wakafungua malango.

Penye kizingiti cha jumba la kifalme Masinissa alipokewa na Sophonisba. Waandishi wengine wanasema alikuwa mchumba wake kabla hajapewa Syphax. Alimwomba neno moja: amfanye atakavyo, ila asimkabidhi kwa Warumi. Masinissa aliapa, kisha akatafakari ni kwa njia gani atalitimiza neno lake, na asiione ila moja. Akamwoa siku ile ile. Scipio alipopata habari hakupiga kelele. Alimwita faraghani, akamweleza kwamba Syphax na vyote vilivyokuwa vyake, mkewe akiwamo, ni mateka wa watu wa Roma. Bila shaka aliogopa pia kwamba binti aliyemgeuza mfalme mmoja atamgeuza na wa pili. Masinissa alirudi hemani mwake akalia hadi waliokuwa nje wakasikia. Kisha akamtuma mtumishi na kikombe cha sumu, pamoja na ujumbe kwamba ahadi ya kwanza, ya kuwa mume kwake, imemshinda, lakini ya pili anaitimiza. Sophonisba alikinywa bila kusita. Kesho yake Scipio alimpandisha Masinissa jukwaani mbele ya jeshi, kwa mara ya kwanza akamwita mfalme, akampa taji la dhahabu na kiti cha pembe za ndovu. Syphax alisafirishwa hadi Italia na kufia huko kifungoni.

Hannibal aliitwa kurudi nyumbani. Alikuwa ameondoka Afrika akiwa mtoto wa miaka kama tisa, sasa ana miaka 44. Alikuwa na askari wake wazee wa Italia, na tembo zaidi ya 80, wengi kuliko aliopata kuwa nao katika vita vyovyote, lakini farasi hakuwa nao wa kutosha. Aliletewa 2,000 na Tychaeus, jamaa wa Syphax. Scipio kwa upande wake alisogea bara kumngoja Masinissa, akahakikisha hapigani mpaka afike. Masinissa akafika na askari wa miguu 6,000 na wapanda farasi 4,000.

Walikutana Zama mwaka 202 KK. Tembo walianza. Scipio alikuwa ameacha vichochoro katikati ya vikosi vyake, na baragumu zilipolia kwa pamoja baadhi ya tembo wakashtuka na kuwageukia Wanumidia wa Hannibal mwenyewe. Wengine wakapitishwa katika vichochoro vile huku wakirushiwa mikuki mpaka wakatoka upande wa pili. Katika vurugu hiyo Masinissa aliushambulia ubavu wa kushoto wa Karthago na Laelius ubavu wa kulia, wakawafagia wapanda farasi wote uwanjani na kutoweka nao katika vumbi. Yaelekea Hannibal hakusikitika sana, maana sasa palibaki watu wa miguu peke yao, na mstari wake wa tatu, wale wazee wa Italia, haukuwa umeguswa. Walipokabiliana na Warumi hapakuwa na aliyemshinda mwenzake. Wakauana kwa muda mrefu, nguvu sawa, mpaka Masinissa na Laelius waliporudi kutoka kuwafukuza waliokimbia na kuwapiga wazee wale mgongoni. Ilikuwa Cannae ile ile, isipokuwa Wanumidia waliohesabika walikuwa upande wa pili. Wakarthago 20,000 walikufa na karibu idadi hiyo wakatekwa. Roma ilipoteza kama 1,500.

Mkataba wa 201 KK uliiacha Karthago na merikebu kumi za vita na deni la talanta 10,000, zaidi ya tani 250 za fedha, la kulipwa kwa miaka 50. Lakini kifungu kilichoua kilikuwa kingine. Karthago isipigane na mtu yeyote Afrika bila ruhusa ya Roma. Na imrudishie Masinissa ardhi yoyote iliyowahi kuwa yake au ya mababu zake. Mipaka ya mababu haikutajwa.

Kwa nusu karne Masinissa aliisoma sentensi hiyo apendavyo. Alikata wilaya hii, akatulia miaka, akakata ile, akachukua na miji tajiri ya ghuba ya Syrtis Ndogo. Karthago ikipeleka malalamiko, Roma ilituma tume, na tume karibu kila mara iliona kwamba mfalme ana haki au iliondoka bila kuamua. Panya huuma na kupuliza. Hapa mmoja aliuma na mwingine akapuliza. Yasisahauliwe pia mema yake. Polybius, ambaye aliwahi kuzungumza naye ana kwa ana, anamsifu kwa kuonyesha kwamba Numidia, iliyodhaniwa kuwa nchi isiyozaa, inaweza kutoa kila zao. Aliwafanya wachungaji kuwa wakulima, na ngano yake ililisha majeshi ya Roma hadi Ugiriki. Aliunganisha falme mbili kuwa moja na kuwaachia wanawe hazina iliyojaa.

Mwaka 150 KK uvumilivu wa Karthago uliisha, ikatuma jeshi bila ruhusa. Masinissa, mwenye miaka 88, aliongoza vita mwenyewe juu ya farasi asiye na tandiko. Kilimani alikaa Scipio Aemilianus, mjukuu wa kupanga wa Scipio yule, aliyekuja kuomba tembo kwa ajili ya vita vya Hispania akajikuta mtazamaji. Masinissa aliwazingira Wakarthago hadi wakala wanyama wao wa mizigo na farasi wao. Walipojisalimisha na kuanza kurudi nyumbani bila silaha, mwanawe Gulussa aliwashambulia njiani na kuwachinja.

Roma ikapata kisingizio ilichokitafuta. Karthago ilikabidhi silaha za watu 200,000 na manati 2,000, ndipo ikaambiwa wananchi wahame mji wao na kujenga mwingine kilomita 15 kutoka baharini. Wakakataa, wakaanza kuunda silaha upya mchana na usiku, wanawake wakitoa nywele zao zisokotwe kamba za manati. Masinissa alinuna. Kwa miaka 50 aliila Karthago kidogo kidogo akiitaka iwe yake, na sasa Warumi wamekuja kuichukua nzima bila hata kumshauri. Walipomwomba msaada alichelewa makusudi. Alikufa mwanzoni mwa 148 KK akiwa na miaka 90, akiacha mtoto mdogo wa miaka minne miongoni mwa wengi, na mgawanyo wa ufalme wake ukaamuliwa na Scipio Aemilianus.

Karthago iliangushwa mwaka 146 KK baada ya siku sita za kupigana nyumba kwa nyumba. Watu 50,000 walitoka ngomeni kuingia utumwani. Maktaba zake seneti iliwagawia wafalme wa Afrika, isipokuwa vitabu 28 vya Mago mwingine kuhusu kilimo, ambavyo Roma iliona vina faida ikaagiza vitafsiriwe. Nchi ya Karthago haikupewa mwana yeyote wa Masinissa. Ikawa jimbo la Roma lililoitwa Africa.

Mjukuu wa Masinissa, Jugurtha, alipigana na Roma kuanzia 112 KK, akasalitiwa na mkwewe, akafia gerezani Roma mwaka 104 KK. Mzao wa ukoo ule, Juba wa Kwanza, alijiua mwaka 46 KK baada ya kuwa upande ulioshindwa na Julius Caesar huko Thapsus. Ufalme wa Numidia ukafutwa na kuwa Africa Mpya, na gavana wake wa kwanza alikuwa Sallustius, mwanahistoria aliyeandika vita vya Jugurtha na kuulaani ulafi wa wakubwa wa Roma. Alirudi Roma akituhumiwa kuwapora watu wa jimbo lake. Hakuadhibiwa. Bustani zinazobeba jina lake zilisifika hata zikaja kuwa mali ya makaisari.